Simu Ikipita Mikononi mwa Watu: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Mialoni

Saa moja asubuhi pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa jijini Mwanza, simu haina mwenyewe. Mama anayepima dagaa mikono yake imejaa dagaa, kwa hiyo kijana wa mizigo ndiye anayempokelea simu, dereva wa bajaji anamsomea meseji ya malipo, na binti wa meza ya pili anamwangalizia salio. Ukivuka kwenda visiwa vya Ukara au Kome, ndani ya Ziwa Victoria, mambo ni yale yale, isipokuwa huko simu inaweza kulala usiku kucha kwenye kibanda cha chaji pamoja na simu za kambi nzima ya wavuvi.

Watu wakizungumzia usalama wa simu hupenda kumtaja mdukuzi aliyejifungia chumbani nchi za mbali. Visa vinavyosimuliwa kwenye benchi za mawakala huku kwetu havina mtu huyo. Vina mtu aliyeshika simu dakika tatu, akairudisha kwa tabasamu. Mwongozo huu haukwambii uache kuamini watu, maana ziwani hapakaliki hivyo. Kazi yake ni kukusaidia kuipanga simu ili mtu uliyemwamini kwa jambo moja asijikute ameshika na mengine kumi.

Tenga jioni moja ambayo huna haraka. Uwe na simu yako, namba yako ya NIDA, kalamu na karatasi.

Anza na laini, kioo baadaye

Wengi wameweka mchoro au alama ya kidole kwenye kioo, wakaona wamemaliza. Mwizi anayejua kazi yake hahangaiki na kioo. Anachomoa laini, anaipachika kwenye kiswaswadu chake, na tangu dakika hiyo kila meseji yenye tarakimu za uthibitisho inaingia kwake: ya WhatsApp, ya barua pepe, pengine na ya benki. Namba ya siri ya pesa bado hana, lakini atajaribu mwaka wako wa kuzaliwa, na watu wanaotumia mwaka wa kuzaliwa ni wengi mno.

Dawa yake ni namba ya siri ya laini yenyewe. Hii ni tofauti na ile ya kufungua simu, tena ni tofauti na ile ya kutolea pesa. Ukiiweka, laini ikihamishiwa simu nyingine, au simu ikizimwa ikawashwa, inadai tarakimu kabla ya kushika mtandao. Inafanya kazi hata kwenye kiswaswadu.

Fungua mipangilio, nenda sehemu ya usalama, utafute panapohusu kufunga laini. Simu nyingi hupaandika SIM PIN. Ukiwasha, simu itakuomba namba ya sasa. Hapa ndipo pa kuwa makini. Laini mpya huja na namba ya mwanzo iliyowekwa na kampuni, na kila mtandao una ya kwake. Usibahatishe. Iangalie kwenye ile kadi ya plastiki laini ilikotolewa, au piga 100 uwaulize. Ukikosea mara 3, laini inajifunga na kudai namba ndefu ya kuifungulia, inayoitwa PUK, nayo imeandikwa kwenye kadi ile ile. Ukikosea PUK mara 10, laini imekufa, itabidi uende dukani kuchukua nyingine. Ukishaingia kwa namba ya mwanzo, ibadilishe hapo hapo uweke yako, kisha zima simu na uiwashe uone kama inauliza.

Wapo watakaokwambia ni usumbufu kuandika tarakimu kila unapowasha simu. Ni usumbufu kweli, lakini ukiniuliza ufanye jambo gani moja tu katika mwongozo mzima, ni hili.

Ukiwa bado kwenye mipangilio, ingia kwenye arifa na uzuie maneno ya meseji yasionekane wakati kioo kimefungwa. Vinginevyo aliyekaa karibu na simu yako mezani anasoma tarakimu za uthibitisho bila kuigusa.

Jua ni laini ngapi zinaitwa kwa jina lako

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 2019, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa kila namba iwe na mwenyewe. Tatizo lipo pale chini ya mwavuli wa msajili, unapoambiwa, "Weka tena kidole, mama, mtandao unasumbua." Mara nyingine mtandao unasumbua kweli. Mara nyingine kidole cha pili kinasajili laini ambayo hutaiona kamwe, itakayotumika kutapeli watu kwa jina lako.

Piga *106# na ufuate menyu hadi sehemu ya kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Utaandika namba ya NIDA, zile tarakimu 20, na utaletewa orodha. Ukiona namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, uikane, ifungwe. Usimtume mtu. Na safari nyingine ukiambiwa urudie kidole, omba kwanza kuona kwenye kioo cha msajili kwamba mara ya kwanza imekataa. Msajili mwaminifu hatanuna.

Kwa wakala

Menyu ya nyota ina kasoro ambayo haisemwi vya kutosha: kwenye simu nyingi namba ya siri huonekana wazi kwenye kioo unapoiandika. Haijifichi kama kwenye mashine ya benki. Kwa hiyo anayekusoma mara nyingi si wakala, ni yule aliyesimama nyuma ya bega lako akijifanya anasubiri zamu.

Geuka mgongo uelekee ukuta wa kibanda, shusha simu kifuani, na namba ya siri uiandike mwenyewe. Mikono ikiwa na shombo, nawa kwanza. Ikiwa macho yanasumbua au kusoma ni kazi, chagua mtu mmoja wa nyumbani awe ndiye anayekusaidia siku zote, asiwe kila aliye karibu. Namba yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe tarakimu nne za mwisho za simu yako, wala isifanane na ile ya laini uliyoweka jana.

Muamala ukikamilika, meseji inayorudi huwa na salio lako jipya. Ukimpa mtu simu "aone kwamba imeingia", umemwonyesha pia una kiasi gani. Mwalo mzima utajua kabla ya saa nne. Mwenye kutaka uthibitisho msomee namba ya muamala na kiasi alicholeta, simu ibaki mkononi mwako.

Halafu kuna daftari. Lile la kaunta, lililofunguliwa, kalamu imefungwa kwa uzi: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi, mstari chini ya mstari. Ukiwa unatia sahihi yako unaweza kusoma nani katoa laki tisa asubuhi hii na namba yake ni ipi. Kama wewe ndiye wakala, kata kipande cha boksi chenye tundu la upana wa mstari mmoja, ukilaze juu ya ukurasa. Hakikugharimu kitu na wateja wako wa mabondo, yale matumbo ya sangara yenye bei kubwa, watakupenda. Kama wewe ni mteja na wakala anataka kupiga picha kitambulisho chako kwa simu yake binafsi, mwombe aandike namba kwa mkono, inatosha.

Mteja anaposema ameshatuma

Kirumba inauza hadi Kongo na Burundi, na mnunuzi wa mbali mara nyingi hulipa kupitia simu ya mtu mwingine. Huo mvurugano ndio mwanya. Anakuonyesha simu yake: meseji ipo, jina lako lipo, kiasi kipo. Kumbe meseji ameiandika mwenyewe, au ni picha ya muamala wa wiki iliyopita.

Usitazame simu ya mnunuzi. Tena usiridhike hata na meseji iliyoingia kwenye simu yako. Angalia salio kwa kuingia kwenye menyu: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Salio likiongezeka, gunia linapakiwa. Lisipoongezeka, gunia linakaa, hata kama gari linapiga honi na dereva anakuita mchoyo.

Kwa nini usiamini meseji iliyo kwenye simu yako mwenyewe? Kwa sababu simu ilikuwa mikononi mwa watu. Mtu akiishika nusu dakika anaweza kuhifadhi namba yake kwenye orodha yako ya majina kwa jina "M-PESA". Kesho yake akikutumia "Umepokea Tsh 480,000", simu inaonyesha imetoka M-PESA. Kwenye kiswaswadu, kuutambua ujanja huu kwa macho ni vigumu. Fungua orodha yako ya majina sasa hivi, tafuta neno "pesa", halafu tafuta "benki". Ukikuta jina ambalo hukuliweka, fungua uone namba iliyo nyuma yake, iandike pembeni, kisha ulifute.

Mwenye meza ya kudumu afungue Lipa Namba. Unaiandika kwenye kibao, anayelipa analiona jina la biashara yako, na namba yako ya nyumbani haizagai kwa kila aliyenunua kilo mbili za sangara.

Kibanda cha chaji na kibanda cha nyimbo

Kisiwani unaacha simu, unapewa kikaratasi chenye namba, unarudi jioni. Mwenye kibanda ni jirani, sawa, lakini kibandani huingia watu. Zima simu kabisa kabla ya kuikabidhi. Kama laini imefungwa kwa namba ya siri, atakayeiwasha ataishia mlangoni. Ukiweza, chomoa laini ukae nayo. Kwa viswaswadu ambavyo betri inatoka, wengine huacha betri peke yake na kuondoka na simu, na mimi naona hao ndio wenye akili kuliko sote.

Kibanda cha kurushia nyimbo na muvi kina hatari yake. Unampa kijana memori kadi, anaichomeka kwenye kompyuta, na kila kilichomo kinaonekana: picha za watoto, picha ya kitambulisho, video za harusini. Nunua memori kadi ndogo ya pili iwe ya nyimbo tu. Picha zako zikae kwenye kumbukumbu ya simu. Na kufuta picha kwenye kadi kabla ya kumpa hakutoshi. Kufuta huondoa tu jina kwenye orodha, picha yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuirudisha zipo bure.

Kwa fundi

Hapa ninyooshe: mafundi wengi hawana haja na picha zako, wana foleni ya vioo vilivyopasuka. Tatizo ni kwamba simu iliyofunguliwa hukaa mezani mchana kutwa.

Kabla hujatoka nyumbani, piga *#06# na uandike kwenye karatasi ile namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15. Hakikisha ndiyo utakayorudishiwa. Chomoa laini na memori kadi. Kama kazi ni kioo, betri au tundu la chaji, subiri hapo hapo; mjini kazi hizo mara nyingi hufanywa ukiwa umekaa kwenye stuli. Akisema anahitaji neno la siri ili ajaribu, mfungulie mwenyewe, ajaribu ukiona. Simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni zina hali maalumu ya matengenezo ndani ya mipangilio: ukiiwasha, fundi anapata simu tupu ya kujaribia, vitu vyako vinabaki vimefungwa hadi uizime wewe. Itafute kabla haijaharibika, kwa sababu kioo kikishakufa hutaweza kuiwasha.

WhatsApp iliyoachwa steshenari

Mwanafunzi wa Malimbe anataka kuchapa barua, mzee wa Igoma anataka nakala ya hati ya kiwanja. Haraka haraka, WhatsApp inafunguliwa kwenye kompyuta ya steshenari, karatasi inachapwa, mtu anaondoka. WhatsApp inabaki wazi pale. Kila meseji, kila picha, kila bei mnayokubaliana na mteja inaendelea kuingia kwenye kompyuta ile.

Fungua WhatsApp, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Chochote usichokitambua, kiguse, ukiondoe. Fanya hivyo kila ukitoka steshenari, na pia ukihisi mwenzako wa nyumbani anajua mambo hujamwambia. Kuunganisha kifaa huchukua muda wa mtu kwenda kunawa mikono. Ukiwa humo humo, ingia kwenye akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu 6 zako. Hizo ndizo zitakazomzuia tapeli hata akipata tarakimu zinazokuja kwa meseji. Na steshenari, tuma faili kwa barua pepe yao, kisha simama uhakikishe wamelifuta, hasa likiwa kitambulisho.

Mkopo ndani ya simu

Mikopo ya kausha damu sasa imehamia kwenye simu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kuona orodha ya majina na picha, unakubali kwa sababu una shida ya mafuta ya injini leo jioni. Ukichelewa siku mbili, meseji zinaanza kwenda kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa wateja wako wa Buzuruga: fulani ni tapeli, amekimbia na deni. Hapo aliyeingia mkononi ni mtu usiyemwona, na alichochukua si siri yako peke yako. Wale wote walio kwenye orodha yako hawakukopa.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kabla ya kupakua, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Pili, angalia programu imetoka wapi. Tangu mwisho wa Mei 2023 duka la Google haliruhusu programu za mikopo binafsi kuchukua orodha ya majina wala picha, kwa hiyo zinazotaka kufanya hivyo huja kwa njia ya mlango wa nyuma, kama faili linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Faili la namna hiyo usilifungue, hata kama limetumwa na shemeji. Tatu, kama umeshaipakua, ingia kwenye ruhusa za programu uifungie majina, picha, meseji na mahali ulipo. Ila ujue, majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi kwa kuifuta programu.

Ukisumbuliwa kwa njia hiyo, hifadhi meseji zote, usijibizane. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo kazi yake ni kupokea malalamiko kama hayo. Deni ni deni, utalilipa, lakini kudaiwa hakumpi mtu haki ya kumwandikia mama mkwe wako.

Anayepiga

"Habari mama."

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

"Napiga kutoka makao makuu ya mtandao. Naongea na…" na anataja majina yako yote matatu.

Hapo ndipo wengi hulegea. Kalijua vipi jina langu? Amelijua kwa njia rahisi kuliko zote: ameanza kukutumia pesa, jina lako limetokea kwenye kioo chake kabla ya kuthibitisha, akaghairi. Yeyote mwenye namba yako anaweza. Kwa hiyo mtu kukutaja kwa jina kamili hakuthibitishi chochote. Mtandao ukikupigia kwa huduma kwa wateja, namba itakayoonekana ni 100. Namba ya kawaida ya tarakimu kumi inayodai ni makao makuu, kata.

Akikwambia ubonyeze nyota na namba fulani "ili tuhakiki usajili", usibonyeze. Zipo namba za kuhamisha simu zako zote ziende kwake. Ukizibonyeza, akiomba tarakimu za WhatsApp kwa njia ya kupigiwa, atapigiwa yeye. Kama umeshabonyeza, piga *#21# uone kama simu zako zinahamishwa, kisha ##002# kufuta uhamisho wote.

Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinafahamika na kila mtu, na bado watu hutuma. Sababu iko wazi: mwaloni kila mtu anadaiwa na mtu. Meseji ikiingia saa uliyokuwa unakwenda kulipia neti au barafu, inaonekana ni ya yule yule. Sheria yako iwe moja: namba mpya ya malipo haikubaliwi kwa meseji. Mpigie mwenye hela kwa namba yake ya zamani, mwongee. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma meseji kwenda 15040, ufuate maelekezo yatakayorudi.

Kuna jipya. Akili mnemba sasa inaweza kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi cha sauti yake, na sauti zetu zimejaa kwenye makundi ya WhatsApp na video za harusi. Ukanda huu una jeraha lake: Septemba 2018 MV Nyerere ilizama karibu na Ukara na zaidi ya watu 200 wakafa. Ukipigiwa usiku na sauti ya mdogo wako ikilia kwamba chombo kimepata ajali, tuma haraka ya mafuta ya boti ya kuokolea, moyo hautaki maswali. Na mwenye safari ya Nansio akiwa katikati ya maji mtandao hukatika, ukimpigia hapatikani, kwa hiyo uongo unapata nguvu.

Kubalianeni nyumbani leo neno moja la kuulizana, lisiloandikwa kwenye simu wala kutumwa kwa meseji. Liwe la kipuuzi: jina la mbuzi wa bibi, au chakula alichokuwa akikataa utotoni. Anayeomba pesa kwa dharura anaulizwa, hata akiwa baba mzazi. Mwambieni mapema asije akaona mnamvunjia heshima. Kwa familia zinazosema Kikerewe au Kisukuma nyumbani, badili lugha katikati ya mazungumzo. Tapeli wa Kiswahili cha redioni atababaika. Hiyo ya lugha si kinga ya milele, lakini kwa sasa inachekesha na inasaidia.

Ukiuza simu

Toa kwanza akaunti yako ya Google ndani ya mipangilio, ndipo uirudishe simu ilivyotoka kiwandani. Ukiacha hatua ya kwanza, aliyenunua ataishia kukupigia umpe neno la siri. Memori kadi haiuzwi.

Ikishatokea

Simu imeibiwa Makoroboi, au umegundua pesa imekwenda. Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko kasi.

Kwanza omba simu ya mtu aliye na laini ya mtandao ule ule wako, upige 100. Ukipiga 100 kwa laini ya mtandao mwingine utapokelewa na kampuni nyingine, nao hawawezi kugusa akaunti yako; wengi hupoteza muda hapo. Waambie wafunge akaunti ya pesa kwanza, laini baadaye. Kama pesa imetumwa kwa tapeli, waombe waizuie. Ikishatolewa kwa wakala wa upande wa pili, kuirudisha ni vigumu sana. Una laini mbili? Kila moja ina mtandao wake, piga mara mbili.

Pili, mwombe mtu atangaze kwenye makundi yako kwamba namba yako isitumiwe pesa wala isiaminiwe. Tatu, nenda polisi ukiwa na ile namba ya tarakimu 15 uliyoiandika, uandikishe taarifa na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, utaihitaji baadaye. Nne, duka la mtandao, kwa kidole chako na namba ya NIDA, urudishiwe laini. Siku hiyo hiyo badilisha namba ya siri ya pesa, weka na ile ya laini mpya, maana laini mpya huja na namba ya mwanzo.

Mwisho ingia WhatsApp kwenye simu nyingine kwa tarakimu zitakazokuja kwa meseji. Ukiingia tu, aliyekuwa anaitumia anatolewa. Ukikuta ameweka uthibitishaji wa hatua mbili wa kwake, utasubiri siku 7 ndipo ufunguliwe, lakini naye siku hizo zote yuko nje. Tumia muda huo kuwapigia wateja wakubwa mmoja mmoja kwa simu ya kawaida, ukianza na wale wenye mzigo njiani.